Kitabu Kilichoitwa Baba Mukwe

Bunia, Bigo, mchana

Masika wangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, tantine, na wadogo zako wote wamekufuata kama vifaranga. Amebaki huyu mudogo wa mwisho tu, amelala mugongoni mwangu, na kwa sababu amelala siwezi kutwanga wala kufua, basi nimekaa. Ni ajabu mimi kukaa mchana. Nimechukua biki yako, ile inayotoa wino mingi, nikang'oa karatasi katika kaye yako ya zamani, na nakuandikia haraka kabla lupango, uwanja wetu huu, haijajaa kelele tena.

Sitakuandikia juu ya chakula, ao juu ya kufunga mulango, ao juu ya wanaume. Hayo jioni hii utayasikia mpaka masikio yachoke. Majirani wanakuja, na kila mutu amefunga shauri lake ndani ya kitenge. Halafu papa yako ana njia nzima mpaka Kisangani ya kukuhubiria ndani ya kamio, na unamujua: akishika usukani hanyamazi. Mimi nataka kukueleza kitu kingine. Watu wa hapa wananitazama wiki hii na wanashangaa. Mutoto wake wa kwanza anaenda mbali, na yeye anaimba akifagia! Jana jirani aliniuliza kama nimechoka nawe. Nilimujibu nimechoka kweli, lakini si nawe.

Miaka hii yote niliogopa jambo moja juu yako, na si kwamba ungeanguka mutihani. Niliogopa kwamba siku ungeanguka ungejificha, nisikuone tena. Hofu hiyo imetoka. Nataka ujue iliingiaje na ilitokaje, na kwa hiyo lazima nianze na Baba Mukwe.

Weye ulikuwa hujajua kusoma wakati kile kitabu kilipoingia nyumbani. Tulikuwa tumetoka Butembo, papa yako alikuwa amepata kazi ya kuendesha kamio ya muchuuzi mumoja, na mimi nilikuwa karibu na umri ulio nao weye leo, na mutoto mukononi. Tulijenga ile nyumba ndogo ya nyuma kwa matofali tuliyochoma wenyewe, tukapangisha vijana wa shule ya ufundi, wale wa section ya Construction. Siku moja wakaja mulangoni pamoja, wamebeba kitu ndani ya gunia kama watu waliookota mutoto.

"Mama Masika, tunaomba utuwekee hii kitabu," akasema Kambale, yule murefu, mwenye kusema kwa niaba ya wote hata kabla hawajamutuma. "Iko moja tu shule muzima. Zingine ziliibiwaka zote. Prof ametupatia siye wa Construction, lakini ikilala kwa mumoja wetu, wengine tutapigana."

"Ni kitabu cha nini?"

"Résistance des matériaux, Mama."

"Sema kama mutu."

Wakacheka. "Ni ya kujua ubao ao chuma itabeba uzito gani mbele ya kukunjika."

Nikakipokea. Kilikuwa kizito kama mutoto wa miezi sita, herufi ndogo ndogo za Kifaransa, na picha za miti iliyolala juu ya mawe mawili, mishale inaishukia kutoka juu. Nilikifunga ndani ya nailoni na kukiweka juu ya kabati, kando ya sahani za wageni. Kesho yake Kambale akaja kukiomba. Akavua kofia, akasimama nje ya mulango, akatazama chini, na akasema kwa sauti ya kijana aliyekuja kuposa: "Mama, tunaomba kumusalimia Baba Mukwe."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Unajua kwetu baba mukwe ni nani. Humutazami usoni, huketi karibu naye, huli mbele yake, na kila anapofungua kinywa unajua mbuzi mwingine anaondoka. Jina likashika siku ile ile. Hata prof, walisema, alianza kuuliza, "Nani ameshinda na Baba Mukwe jana?" Na weye, mudogo hivi, uliamini muzee wa kweli analala juu ya kabati yetu. Ulikuwa unapita pale umeinamisha kichwa. Siku moja nilikuta umemuwekea kipande cha muhogo.

Basi, kila mwisho wa mwaka, matokeo yakishatangazwa, wanaomaliza walikuja kwetu kukikabidhi kitabu kwa wanaofuata. Mwanzo ilikuwa chai tu. Halafu ikawa sombe ya majani ya muhogo, halafu samaki ya Kasenyi, halafu ikawa desturi kabisa: kila anayemaliza anasimama na kutoa neno lake juu ya Baba Mukwe, na wale wapya wanakaa chini kwenye mukeka, wamefunga mikono, wanasikiliza. Na mimi, niliyeishia sixième primaire, darasa la sita tu, mimi ndiye niliyekuwa juge, mwamuzi wao. Aliyesema vizuri kuliko wenzake nilimupa kichwa cha samaki.

Unayakumbuka maneno yao, maana ulikuwa unayarudia ukiosha sahani. Mumoja alisema, "Siye tulienda kumuomba binti. Baba Mukwe akasema, leteni integrale. Tukaleta. Akaitazama, akasema, hii imekonda, rudisheni."

Mwingine akasema, "Ukurasa wa kwanza anakuandikia, 'ni rahisi kuona kwamba.' Mimi niko naangalia tangu septembre, sijaona kitu."

"Weye iko na macho ya kuona wasichana wanacheza animation tu!" wakamupigia kelele.

"Anaongea juu ya daraja ya chuma ya kwao Ulaya," akasema mwingine. "Siye hapa daraja iko miti mbili na sala."

Na Kambale, mwaka aliomaliza, akasimama wa mwisho, akangoja watu wanyamaze, akasema, "Mimi sina maneno mingi. Nilimufungua siku ya kwanza, nikapata malaria." Akaketi. Nilimupa kichwa cha samaki na mukia juu.

Nilifurahi, Masika. Sitakudanganya. Nyumba yangu ilijaa vijana wenye Kifaransa, na wote walinitazama mimi waone nitamupa nani. Mama wa miaka ishirini na kidogo, mikono imepasuka kwa sabuni, nani mwingine mahali gani angeniuliza shauri? Kwa hiyo niliwalisha, na mimi sikuona kwamba nilikuwa nalisha uoga. Kila mwaka waliona mwaka uliopita nani alikula kichwa, na wao wakaongeza chumvi. Malaria ikawa typhoïde. Mbuzi wakawa ng'ombe. Kufika wakati ule weye unamaliza madarasa ya chini na unapaswa kuchagua section, kitabu kile kilikuwa kimeshaua watu, kwa maneno.

Na kuna jambo ambalo sikuliuliza hata mara moja: wale walioanguka, wako wapi? Kwenye mukeka wangu waliketi tu waliopita na wanaokuja. Hakuna aliyewakataza wengine. Walikuwa wanafunga vitu vyao asubuhi nikiwa sokoni, na nikirudi ninakuta chumba na misumari ukutani.

Hayo yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ulikuja ukaniambia unataka Construction. Nikakujibu kabla hujafunga kinywa. Nikasema kitabu kile kinaangusha wanaume wenye ndevu, weye uende Pédagogique, utafundisha watoto, mchana uko nyumbani. Ukaniuliza kwa upole, "Mama, unakijua?" Nikakasirika. "Miaka hii yote kinalala juu ya kabati yangu, nisikijue?" Na mimi sijawahi kukifungua isipokuwa siku ile kilipofika. Tangu pale, kazi yangu ilikuwa kukipangusa vumbi.

Ukaenda Pédagogique. Hukulia, hukunung'unika, uliniletea alama nzuri, na uliacha kuongea mezani. Mwaka muzima ulikuwa unanijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama." Papa yako alisema ni umri. Mimi nilijua si umri, lakini nilikuwa nimeshasema, na mama akishasema anaona haya kurudi nyuma mbele ya mutoto. Hiyo ni tabia mbaya, Masika. Ukiwa na watoto, rudi nyuma mapema. Njia ni fupi zaidi.

Mwaka ule ule nikapanda kamio ya papa yako kwenda Bule kutafuta maharagi. Soko ilikuwa imejaa, mvua ilikuwa imepiga asubuhi, watu wanateleza. Napita kwa wauza sabuni, na ninaona mutu mumoja ananiona, halafu anainama nyuma ya meza yake. Nikasimama. Kile kichogo nilikijua, nilikinyoa mimi mwenyewe pale nyuma ya nyumba yetu.

"Openji. Toka huko."

Unamukumbuka Openji, kijana wa upande wa Mahagi, mupole, aliyekuchongea vijiti vya kuhesabia. Akasimama polepole.

"Jambo, Mama Masika. Nilikuwa napanga sabuni."

"Sabuni iko juu. Weye ulikuwa chini."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Nikaketi juu ya kiti chake bila kuombwa, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilikuwa na tumbo ya mudogo wako. Nikamuuliza Baba Mukwe alimufanyia nini.

"Hakuna kitu, Mama. Sikumufunguaka."

"Namna gani?"

"Mwaka muzima. Nilisomaka tu résumé, ufupisho ya wenzangu. Nilikuwa nakuja kwako, unanipatia kile kitabu, naweka kwa magoti, halafu nasikia maneno ya bakubwa: malaria, mbuzi, typhoïde. Naifunga. Nakurudishia. Unaniambia, 'Pole kwa kazi.'" Akapangusa sabuni iliyokuwa safi. "Siku ya mutihani prof akabadilisha swali. Résumé ikanikimbia yote."

"Sasa mama yako anasemaje?"

Muteja akaja, akamuuzia, akamurudishia chenji, muteja akaenda. Nikauliza tena.

"Anajua niko nasoma."

"Mpaka leo?"

"Namutumiaka salamu na wachuuzi ya samaki. Banamuambia niko naendelea muzuri."

"Tangu ulipoanguka hujamuona?"

"Nitaenda siku nitapata kitu ya kumupelekea."

"Iko muzima?"

"Banasema iko muzima."

Banasema! Masika, neno lile liliniingia hapa, chini ya titi. Nilirudi Bunia nimekaa juu ya magunia ya maharagi, papa yako anaongea juu ya matope, na mimi sisikii kitu. Nilikuwa namufikiria mwanamuke wa Mahagi nisiyemujua, anauliza wachuuzi habari za mwana wake, wanamudanganya kwa huruma, na yeye anamushukuru Mungu. Ningekuwa mimi? Na nilianza kuona kwamba ningekuwa mimi kweli, kwa kuwa nilikuwa na mutoto nyumbani anayenijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama." Mutoto wa namna ile, akianguka, ataniambia?

Kabla ya kuondoka Bule nilikuwa nimemuambia Openji, "Mwisho wa mwaka uje kwangu. Utakula na wengine." Alisema ndiyo kama mutu anayesema hapana. Lakini alikuja. Alikuja na shati iliyopigwa pasi, akakaa karibu na mulango, tayari kukimbia.

Kambale naye alikuwapo. Alikuwa anafanya kazi ya barabara tayari, amenenepa kidogo, na kila mwaka alirudi kuongoza mambo kama muzee wa ukoo. Akamuona Openji. "Ah! Nani huyu? Huku wanaingia waliooa, ndugu yangu. Weye binti ulimukosa!"

Watu wakacheka. Nikaweka sufuria chini kwa nguvu. "Huyu ni mugeni wangu. Leo anaanza yeye."

"Mama, desturi..."

"Desturi ya nani? Samaki ni ya nani?"

Kambale akavuta sahani yake, na Openji akasimama. Nilifikiri atatafuta neno la kuchekesha kama wengine. Hakutafuta. Akasema tu, kwa sauti ndogo, akitazama wale wapya kwenye mukeka: "Mimi niliangukaka. Sijui kama kitabu iko ngumu. Sikuifungua. Niliogopa maneno yenu." Akakaa.

Mumoja akaanza kukohoa. Kambale akasema, "Ah, weye ulikuwa muvivu tu," lakini hakuna aliyemufuata. Na weye ulikuwa umesimama kwenye mulango wa jikoni, sahani mukononi, weye ambaye mwaka muzima hukuwa umeongea. Ukauliza, "Sasa nani aliisoma yote?"

Ulikuwa huna ubaya. Ulitaka kujua tu. Wote wakatazama sahani zao. Yule wa integrale akasema yeye alifika katikati. Mwingine akasema yeye alisoma sura mbili zile ambazo prof alipenda. Ukamugeukia Kambale. "Na weye, kaka Kambale? Baada ya malaria?"

Kambale akaondoa mufupa mudogo mudomoni, akautazama. Kisha akaanza kucheka, yule mwanaume mukubwa, akacheka mpaka machozi. "Mutoto, mimi malaria nilipata kweli. Nikapona, sikurudi tena kwake. Nilipita na résumé ya mwenzangu Muhindo."

"Na Muhindo?"

"Muhindo alipata kwa ndugu yake."

Hapo nyumba ililipuka. Walicheka, walirushiana maneno, walishutumiana, na mimi nilisimama na mwiko mukononi nikielewa kitu kimoja. Tulimupa jina la mutu asiyetazamwa usoni, na siye tukashangaa kwamba hakuna aliyemutazama. Wote walikuwa wanaongea juu ya kitabu na hakuna aliyeongea nacho. Wale waliopita walikikuza ili wao wawe wakubwa. Aliyeanguka ndiye tu alisema kweli, na yeye ndiye tuliyekuwa tumemunyima kiti. Nilitaka kumupa Openji kichwa cha samaki, nikakuta Kambale ameshakimaliza.

Juma lililofuata nilivaa kitenge changu cha misa nikaenda kwa préfet, mukubwa wa shule. Nilimuambia ninataka mutoto wangu aanze upya kwenye Construction. Akasema, "Citoyenne, atapoteza mwaka." Nikamuambia, "Ni mwaka wangu, si wake." Hakuelewa, lakini aliandika. Nilipokuambia jioni, hukuniruka shingoni. Uliniuliza kama nimeshaamua kweli, ao kama kesho nitabadilisha. Ilikuwa haki yako kuuliza.

Openji, kwa kuwa unapenda kujua, alienda Mahagi. Nilimupakia ndani ya kamio mimi mwenyewe, na papa yako alikatazwa kumushusha popote. Muchuuzi wa samaki alituletea habari baadaye. Mama yake alimupiga kwa mwiko mbele ya watu wote, akamufukuza mpaka kwenye mugomba, halafu akachinja kuku na kukataza mutu mwingine asile paja. Yule muchuuzi alisema mama huyo siku hizi hatumi tena kuuliza salamu kwa mutu, kwa sababu sabuni yake Openji anauza pale pale mulangoni kwake.

Halafu miaka yako na Baba Mukwe ikaanza. Vijana walikuchokoza: "Masika, kwako si baba mukwe, utaolewa naye mwenyewe." Ukawajibu, "Angalau yeye anajua kuandika." Ulikuwa unakishusha kutoka juu ya kabati kama unavyoshusha sufuria, bila heshima mingi, na unakifungua juu ya meza kando ya majani ya sombe. Nilikuuliza kikoje. Wenzako wote kabla yako walikuwa na neno zuri la kusema. Weye ulifikiri, ukasema, "Ni kigumu, Mama. Kuna pahali anaruka bila kueleza. Lakini hadanganyi." Kisha ukaweka ubao juu ya mufereji wetu, ukaandika vitu vyako, ukaniambia naweza kupita na gunia. Nilipita na gunia ya maharagi kichwani na mutoto mugongoni. Ubao ulilia kidogo. Mimi sikuuliza. Wadogo zako walipiga makofi, na siku ile uliongea mezani mpaka papa yako akakuomba unyamaze ili naye aseme.

Na hata hivyo ulianguka. Umeshinda naye miaka, na bado alikuangusha mwaka wa mwisho, wakati wale wa résumé walipita. Ndiyo hivyo wakati mwingine, na sitatafuta maneno ya kukuambia kwa nini.

Nilikuwa napika bugali. Matokeo yalikuwa hayajabandikwa. Ungeweza kwenda kwa tantine, ungeweza kungoja siku, ungeweza kuniletea habari kwa mudomo wa mutu mwingine. Uliingia na viatu vya matope, ukasimama mbele ya moto, hukukaa hata. "Mama, nimeanguka. Kwenye RDM, kwa Baba Mukwe. Nilifanya haraka, nikakosea mwanzo, halafu yote ikafuata. Prof ameniambia mwenyewe. Nikakuja."

Na mimi nikakujibu, "Asante."

Nilikuona ulivyonitazama. Ulifikiri moshi umeniingia kichwani. Nilitaka kueleza, lakini bugali ilikuwa inashika, mutoto alikuwa analia, na nikisema zaidi ningelia mimi pia, na weye ulihitaji mama mukavu siku ile. Nikakupa maji ya kunawa, ukala, ukalala mchana wote. Nami nilitoka nyuma ya nyumba, pale misumari ya Openji ilipobaki ukutani, nikakaa juu ya jiwe la kufulia. Nilikaa vile mutu anakaa akishatua muzigo na shingo bado haijajua kwamba umeshuka.

Ulisema, "Nikakuja." Neno lile tu. Ulianguka, miguu yako ikakuleta kwangu kabla hujatafuta uongo, kabla hujatengeneza sentensi. Yule mama wa Mahagi alilingoja miaka. Mimi nilipewa matope yake hayajakauka.

Ulirudia mutihani, ukapita, na siku ile ya matokeo ya pili majirani walicheza, walimwaga unga kichwani kwako, na papa yako alipiga honi ya kamio mpaka muchuuzi mwenye gari akakasirika. Wanafikiri ni siku hiyo ndiyo inaniimbisha nikifagia. Nilifurahi, ndiyo. Lakini kama usingepita mara ya pili, ningeimba pia, labda kwa sauti ndogo zaidi.

Sasa unaenda. Huko Kisangani watakupa vitabu vingine, na kila kimoja kitakuwa na watu wake wa kukisemea. Wasikilize. Ucheke nao, kwani maneno yao ni matamu na mutu anahitaji kucheka. Ukirudi chumbani, fungua mwenyewe, hata kama ni ukurasa mumoja. Na ukiona yule anayekaa karibu na mulango, asiyesema, muulize yeye kwanza.

Si vitabu tu. Mutu naye utaambiwa ni mubaya ao ni muzuri kabla hujamuona. Mahali pia. Mimi nilikuambia mambo mingi juu ya dunia nikiwa nimeipangusa vumbi tu, na mengine bado unayo kichwani, sijui ni yapi. Yapime. Yale yatakayolia chini ya muzigo, yaache, na usifikiri kwamba kwa kuyaacha umenitukana.

Utaanguka tena, mwanangu. Sitaki kukutabiria mabaya, ni kwa kuwa unatembea. Siku hiyo usingoje kupata kitu cha kuniletea. Usinitumie salamu nzuri kwa mudomo wa mutu wa njia. Kamio ni zile zile za kwenda na za kurudi, na wenye kuziendesha wote wanamujua papa yako. Nitakasirika, labda. Unajua mukono wangu, na mwiko uko pale pale. Lakini utakuta maji ya kunawa.

Huyu mudogo ameanza kujinyoosha mugongoni, na ninasikia wengine kule kwenye njia, wanakurudisha kwa makelele, mumoja analia kwa sababu umebeba mwingine. Naacha hapa. Nitaiweka barua hii ndani ya viatu vyako vizuri, hutavivaa mpaka ufike.

Kesho asubuhi watu watanitazama mimi, kama nitalia. Labda nitalia, mwili una mambo yake. Weye usigeuke. Panda, kaa karibu na dirisha, umuache papa yako aongee. Mimi nitakuwa nimesimama pale nimechoka, nimefurahi, na nitakapoingia ndani nitalala mchana kwa mara ya kwanza tangu nikuzae. Kwa kuwa ninajua sasa kwamba habari zako, nzuri ao mbaya, nitazisikia kwa mudomo wako mwenyewe.

Mama yako